Misaada ya Nje na Ufadhili wa Masomo: Kijana Mkulima wa Mbinga na Nyasa Aombe Nini, Ajiandae Vipi



Kuna maswali mawili napokea karibu kila wiki. La kwanza: "Bwana shamba, nasikia kuna ubalozi unatoa hela za miradi ya vijijini, tunazipataje?" La pili: "Bwana shamba, naomba linki ya skolashipu ya kilimo ya nje." Wanaouliza ni vijana wenye kahawa Maguu na Langiro, wenye mpunga Lituhi, na wenye dagaa na mihogo kule Liuli na Mbamba Bay. Leo nayajibu yote mawili kwa pamoja, maana jibu lake lina mzizi mmoja.

Mzizi wenyewe ni huu: mfadhili huongeza nguvu kwenye kazi ambayo tayari ina mwenyewe. Kijiji ambacho hakina kamati wala eneo wala mchango hakipati, na kikipata kwa bahati, mradi unakufa. Na kijana asiyejua anataka kusomea nini na atarudi kufanya nini, hata akipata nafasi, ataishia kubadilisha nchi tu bila kubadilisha maisha. Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Kwanza tofautisha: msaada, mkopo nafuu na kodi yetu

Watu wengi wakiona kibao chenye bendera ya nje wanasema "hii wametupa Wazungu" au "hii wametupa Wachina". Si kila kitu tumepewa. Angalia mifano ya hapa hapa kwetu.

*Barabara ya lami ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78.* Hii ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia (MCC). Mkataba ulisainiwa Dar es Salaam Februari 2008, Rais Bush alipokuja nchini wakati wa Rais Kikwete. Ulikuwa wa dola milioni 698 kwa nchi nzima, na ndani yake zilikuwemo pia barabara za Songea–Namtumbo, Tunduma–Sumbawanga na Tanga–Horohoro, pamoja na miradi ya umeme na maji. Ile fedha hatuirudishi. Huo ndio msaada.

*Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66.* Hapa mfadhili mkubwa ni Benki ya Maendeleo ya Afrika, pamoja na serikali yetu. Benki ni benki hata ikiwa na roho nzuri. Huo ni mkopo nafuu: riba ni ndogo na muda wa kulipa ni mrefu, lakini unalipwa. Mimi na wewe tunaulipa.

*Umeme wa gridi.* Njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilijengwa kwa fedha za Sweden kupitia shirika lao la Sida, pamoja na fedha za serikali. Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018. Kabla ya hapo miji yetu ilitegemea majenereta ya dizeli, na wenye mashine za kukoboa wanakumbuka ile hali ya umeme wa kuviziana.

*Meli na bandari za ziwani.* MV Njombe na MV Ruvuma za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria, zimejengwa na Mamlaka ya Bandari (TPA) kwa fedha za ndani. Bandari ya Mbamba Bay nayo iko mikononi mwa TPA. Hiyo ni kodi, ikiwemo ile unayokatwa ukinunua mafuta ya pikipiki.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu kila aina ya fedha ina mlango wake. Msaada mkubwa na mkopo nafuu vinajadiliwa na serikali kuu; wewe na mimi hatuendi kuandika barua kuomba daraja la mto Ruhuhu. Kazi yetu kwenye miradi hiyo ni mbili tu: kuibua hitaji kwenye vikao vya kijiji na kata ili liingie kwenye mipango ya halmashauri, na kuitumia miundombinu ikishafika. Mlango ambao kijiji au kikundi kinaweza kuugonga chenyewe ni ule wa misaada midogo. Nitaueleza chini.

2. Msaada una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadili mawazo

Baada ya ule mkataba wa kwanza wa MCC kwisha mwaka 2013, Tanzania ilikuwa inajiandaa kupata wa pili, zaidi ya dola milioni 470, sehemu kubwa ikiwa ya umeme. Machi 2016 bodi ya MCC ikasitisha. Sababu walizotaja ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Hakuna mkulima wa Mbinga aliyekosea lolote pale, lakini fedha hazikuja.

Januari 2025 ikaja nyingine. Serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje duniani kote, na kufikia Julai mosi mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Miradi ya kilimo, lishe na afya ilisimama katikati ya safari, maafisa wenzetu walioajiriwa kwenye miradi wakarudi nyumbani, na vikundi vilivyokuwa vinasubiri awamu ya pili vikabaki na madaftari ya mahudhurio.

Nasema hivi si kwa kulaumu. Mwenye fedha zake ana haki ya kuzishika. Nasema ili ujue namna ya kupanga. Ukiandika bajeti ya msimu, usiweke hata shilingi moja ya msaada ambao haujasainiwa. Kama shamba lako la kahawa au vizimba vyako vya samaki haviwezi kusimama mpaka mradi fulani uje, basi hiyo bado ni ndoto, haijawa biashara. Msaada ukija, uukute unatembea ukuongezee mwendo.

3. Somo la Kindimba: mashine ya maji na kamati iliyotokana na mila

Sasa tuone msaada uliofanya kazi, tena nyumbani kwetu Umatengoni.

Miaka ya tisini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikuja Mbinga. Walichokuja kukitazama ni ngoro. Ndiyo, yale mashimo ambayo babu zetu wamechimba kwenye miteremko kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa msomaji asiyeyajua: mvua zikielekea kuisha unafyeka majani, unayapanga chini kwa miraba, unachimba udongo wa katikati ya mraba na kufunika yale majani. Unabaki na shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Shimo linazuia maji yasiteremke na udongo, na majani yaliyofukiwa yanakuwa mbolea. Shamba lililo kwenye mlima mkali linalimika mwaka hadi mwaka.

Wale wageni hawakuja kutufundisha kulima mlimani. Walikuja kujifunza. Halafu, kuanzia 1999 hadi 2004, SUA kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wakaendesha mradi wa maendeleo vijijini uliotumia yale waliyojifunza. Kijiji cha Kindimba kilikuwa kimojawapo cha mfano.

Kilichofanyika Kindimba ni kidogo ukilinganisha na barabara: mashine ya kusaga inayozungushwa na nguvu ya maji ya mto. Lakini angalia ilivyofanyika.

- *Hitaji lilitoka kijijini.* Akina mama walikuwa wanatembea mbali na mzigo wa mahindi kichwani kwenda kusaga. Mto upo hapo hapo na unashuka kwa kasi.
- *Wananchi walichangia nguvu zao.* Mradi ulileta vifaa na utaalamu, wanakijiji wakaweka jasho kwenye ujenzi.
- *Uongozi ulitokana na mila.* Kamati iliitwa Sengu. Wazee wanaijua sengu: wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja kwa babu, na hapo hapo wanasuluhisha ugomvi, wanapanga kazi na kuwafundisha vijana. Hawakuunda chombo kigeni ambacho hakuna anayekiheshimu.
- *Mashine ilifungua mambo mengine.* Mashine ya maji inahitaji maji. Mto ukikauka, hakuna unga. Kwa hiyo watu wakaona wenyewe maana ya kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji. Vikundi vikaanzisha vitalu vya miche, mabwawa ya samaki na mizinga ya nyuki.

Hapo ndipo penye somo. Mashine yenyewe si kitu kikubwa, inaweza kuharibika kama mashine yoyote. Kitu kikubwa ni watu waliokaa, wakapanga, wakachangia na wakajua nani ana ufunguo.

Na mkoa wetu una historia ndefu ya hili. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Denmark kupitia Danida ilisaidia kuandaa mipango mikuu ya maji ya mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, na vijiji vingi vikapata maji ya mserereko. Wananchi walichimba mitaro kwa mikono yao na kuunda kamati za maji. Swali gumu lilikuja baadaye: bomba likipasuka, nani ananunua jingine? Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka wazi kwamba jamii za vijijini zigharamie uendeshaji na matengenezo, na leo tuna RUWASA na vyombo vya watumia maji. Fedha za kujenga hupatikana. Za kutengeneza ndizo zinazoua miradi.

4. Misaada midogo: kikundi au kijiji kinaombaje

Nitatumia mfano wa Japani kwa sababu utaratibu wake uko wazi na umekuwepo muda mrefu. Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi midogo ya ngazi ya jamii. Ubalozi wa Kanada nao una mfuko wa miradi midogo, na wengine wapo. Kila mmoja ana masharti yake, soma tangazo la mwaka husika. Lakini mambo haya karibu yote yanafanana:

Wanampa nani? Taasisi isiyofanya biashara ya faida: halmashauri, shule, kituo cha afya, asasi ya kiraia iliyosajiliwa. Mtu binafsi hapewi. Kampuni yako hapewi. Hapa vijana wengi ndipo wanapokwama, wanaandika "naomba msaada wa kupanua shamba langu". Andiko la namna hiyo linawekwa pembeni siku hiyo hiyo.

Wanalipia nini? Majengo na vifaa: madarasa, visima, zahanati, ghala, mashine. Hawalipii mishahara, posho za vikao, mafuta ya gari, wala gharama za kila siku za kuendesha.

Wanataka kuona nini? Hapa chukua kalamu.

1. *Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji* ulioibua hitaji, wenye sahihi na orodha ya mahudhurio. Kama kijiji chenu kimepitia mafunzo ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo (O&OD), tumieni mpango ule ule. Usitengeneze kingine cha kumfurahisha mfadhili.
2. *Eneo lisilo na ugomvi.* Barua ya kijiji au hati. Kwenye miteremko yetu, ambako kila ntambo una ukoo wake, hakikisha wenye ardhi wote wamesaini kabla, sio baada.
3. *Nyaraka za usajili na hesabu za benki* za taasisi inayoomba. Asasi iliyosajiliwa mwezi uliopita kwa ajili ya tangazo inajulikana tu.
4. *Ankara kifani kutoka kwa wauzaji au mafundi watatu* kwa kila kifaa kikubwa, ili bei isionekane imetoka hewani. Kwa jengo, ramani na makadirio ya mhandisi wa halmashauri.
5. *Mchango wenu.* Mawe, mchanga, tofali, nguvu kazi, fedha. Viandikeni kwa thamani ya shilingi.
6. *Mpango wa matengenezo.* Hapa ndipo andiko zuri linapotofautiana na bovu.

Tupige hesabu ya mfano kwenye hilo la sita. Kijiji kinaomba kisima chenye pampu. Kaya 180 zinakubaliana shilingi 1,000 kwa mwezi. Hiyo ni 180,000 kwa mwezi, 2,160,000 kwa mwaka. Tuseme theluthi moja hawalipi kwa wakati, maana tunajuana. Inabaki 1,440,000. Mlinzi na fundi mdogo wakichukua 60,000 kwa mwezi, ni 720,000 kwa mwaka. Mnabaki na 720,000 ya akiba. Je, pampu mpya ni bei gani na inadumu miaka mingapi? Kama pampu ni milioni tatu, mnahitaji miaka minne na ushee kuifikia. Ikidumu miaka mitano, mpo salama kidogo. Ikidumu mitatu, ongezeni mchango kabla hamjaomba. Mfadhili akiiona hesabu hii imeandikwa na ninyi wenyewe, anajua anaongea na watu wazima.

Kitu kingine: mkipewa, fedha zinafuata mkataba, kazi inakamilika ndani ya muda uliowekwa, na hesabu zinakaguliwa. Tofali za darasa haziwezi kuhamia kwenye ghala la mtu. Mwenyekiti mzuri wa maneno lakini asiyetunza risiti atawaponza.

Na wewe kijana wa biashara unanufaikaje kama hupewi moja kwa moja? Unanufaika pembeni. Ghala la kijiji likiwepo, mahindi yako yanasubiri bei. Maji yakifika, kitalu chako cha miche ya kahawa kinawezekana. Ndiyo maana usikae mbali na mikutano ya kijiji ukisema ni ya wazee. Wewe unayejua kutumia kompyuta na kupiga hesabu ndiye unayehitajika kuandika andiko.

5. Ufadhili wa masomo ya nje: milango ipi iko wazi kwako

Mimi nina stashahada, kwa hiyo nazungumza kama mtu anayejua mlango gani unafunguka na upi haufunguki. Ufadhili mwingi mkubwa unaosikia ni wa shahada ya uzamili. Maana yake lazima uwe na shahada ya kwanza.

- *Chevening* ya Uingereza: uzamili wa mwaka mmoja, uwe na shahada na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na unaahidi kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Dirisha huwa linafunguliwa kuanzia Agosti.
- *DAAD* ya Ujerumani: ina kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, kilimo kikiwemo. Nao wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili.
- *ABE* ya Japani kupitia JICA: ilitangazwa mwaka 2013 kwenye mkutano wa TICAD wa Yokohama. Ni uzamili pamoja na mafunzo kwenye kampuni za Kijapani. Kwa mtu wa biashara ya kilimo hii imekaa vizuri.
- *Serikali ya Japani (MEXT)* na *serikali ya China*: hizi zina nafasi za shahada ya kwanza pia, kwa waliomaliza kidato cha sita wakiwa na ufaulu mzuri. Za China hutangazwa kupitia Wizara ya Elimu yetu. Za Japani kupitia ubalozi.

Kama una cheti au stashahada, usikate tamaa, ila njia yako ni nyingine. Piga shahada hapa hapa kwanza, SUA au kwingine, au tafuta mafunzo kwa vitendo ya muda mfupi. SUGECO, ushirika wa wahitimu wajasiriamali wa SUA, umekuwa ukipeleka vijana nje kwenye mafunzo ya aina hiyo. Hayo si skolashipu ya darasani. Ni kazi shambani, na kazi yenyewe ni ngumu. Uliza mapema kuhusu mkataba, malipo, bima na usalama wa eneo unalopelekwa.

Sasa maswali ambayo lazima ujiulize kabla ya kutuma maombi:

Nani atabaki na shamba? Kahawa haikusubiri. Mwaka mmoja bila kupogoa na bila kuangalia chulebuni na kutu ya majani, unarudi na shahada unakuta vichaka. Andikishaneni na ndugu yako nani anahudumia, nani anapeleka AMCOS, na malipo yanaingia akaunti ipi. Undugu bila maandishi umevunja mashamba mengi.

Nina kiasi gani cha kuanzia? Ufadhili kamili unalipa ada, nauli na posho, lakini kabla hujaupata unalipia mwenyewe: pasipoti (shilingi 150,000), nakala za vyeti, mtihani wa Kiingereza kwa wanaoutaka, na nauli ya kwenda Dar kwenye usaili. Weka akiba msimu mmoja kabla.

Ninasomea swali gani? Hili ndilo linalowaangusha wengi kwenye barua ya maombi. Wanaandika "nataka kuongeza ujuzi ili nisaidie taifa langu". Hiyo imeandikwa na watu elfu kumi. Andika swali la shamba lako. Kwa nini kahawa ya kikundi chetu ikiuzwa ya maganda inapata madaraja tofauti wakati mbegu ni moja? Kwa nini dagaa wa Nyasa waliokaushwa mchangani wanakosa soko wakati wa kwenye chanja wanauzika? Swali la namna hiyo halina mwenzake kwenye rundo.

Mfano upo. David Mhando wa SUA alisoma shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Kyoto, na alichokiandikia ni wakulima wa kahawa wa Mbinga: walifanyaje kujinusuru baada ya soko huria kuingia na mfumo wa zamani wa ushirika kuyumba. Yaani mtu amevuka bahari kwenda kueleza tatizo letu la kahawa, na ndilo lililompa shahada. Kwa hiyo usidhani Mbinga ni mahali padogo pa kuandikia.

6. Jihadhari na matapeli

Hapa naomba usome taratibu. Kijana mmoja wa ukanda wa ziwa, mchapakazi kabisa, alipokea ujumbe kwamba amechaguliwa kwenda kusoma kilimo Ulaya. Ilikuwa mwezi ambao ameuza dagaa vizuri. Akatuma fedha ya "kufungulia faili", kisha ya "viza ya dharura", kisha ya "bima". Alipokuja ofisini kuniuliza kama barua ni ya kweli, mtaji wa nyavu ulikuwa umeisha. Barua ilikuwa na nembo nzuri sana.

Alama za utapeli ni hizi:

- Unaombwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu. Chevening, DAAD na MEXT hawatozi ada ya maombi.
- Umechaguliwa wakati hujaomba.
- Barua pepe ni ya bure ya mtu binafsi, sio ya ubalozi au chuo.
- Unaambiwa uharakishe, na usimwambie mtu.
- Kwa misaada ya vikundi: mtu anakuja kijijini na fomu, anachukua "kiingilio" kwa kila mwanachama na kusema mfadhili anakuja. Mfadhili wa kweli hachangishi masikini kabla ya kuwapa.

Ukiwa na shaka, fungua tovuti ya ubalozi au wizara mwenyewe kwa kuandika jina, sio kwa kubofya linki uliyotumiwa. Au njoo na barua ofisi ya kata kabla hujatuma hata shilingi mia. Hakuna aibu kuuliza.

7. Wakati unasubiri, fedha na elimu za karibu

Wapo wanaotafuta Ulaya wakati hawajagonga mlango wa jirani. Halmashauri zetu, Mbinga Mji, Mbinga Wilaya na Nyasa, zina mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti na andiko la biashara. Ukiangalia vizuri utaona nyaraka hizo zinalingana sana na zile nilizotaja kwenye misaada midogo. Ukijifunza kuziandaa kwa mkopo wa halmashauri, umeshajifunza kuziandaa kwa ubalozi.

Elimu nayo iko karibu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) ina kituo chake Ugano, hapa hapa Mbinga. Mbegu bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani zinapatikana huko, na wataalamu wa kukufundisha kuzalisha miche wapo. Wangapi kati yenu mmefika Ugano mwaka huu?

Na tumieni vilivyokwisha kujengwa. Lami kutoka Songea hadi ziwani ipo. Umeme wa gridi upo. Mwenye mtambo wa kuchakata kahawa mbivu hategemei dizeli peke yake kama zamani. Mwenye dagaa Mbamba Bay anaweza kupakia leo na mzigo ukafika Songea leo hiyo hiyo. Barabara ile ya msaada haijui nani aliilipia. Inamnufaisha mwenye mzigo.

Kazi ya mwezi huu

Chagua moja kati ya hizi mbili, uifanye kabla mwezi haujaisha.

Kama unataka mradi wa kijiji au kikundi: omba ajenda kwenye mkutano wa kijiji, andikeni hitaji moja tu, tafuteni barua ya eneo, na pigeni hesabu ya matengenezo kama nilivyoonyesha.

Kama unataka kusoma: kusanya vyeti vyote, hakiki kwamba majina yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa (hili limewakosesha wengi nafasi), anza pasipoti, na andika ukurasa mmoja wa swali la shamba lako.

Ukimaliza, lete karatasi ofisi ya kata yako au mwonyeshe afisa ugani wako tuisome pamoja. Tunaweza kurekebisha andiko baya. Andiko ambalo halijaandikwa hatuna la kulifanya.

Kazi njema, na msimu mwema.